Kengele ya Bizu

Asubuhi za Kingi ni za baridi. Ukungu hukalia vilima vya Masisi kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu akitoka nje mapema, hujifunga kitenge mpaka masikioni.

Siku hiyo Mukasine alitoka mapema kwenda shambani. Alikuta mahindi yamelala chini, mstari mzima, na mwingine nyuma yake. Mabua yalikuwa yamekatwa karibu na udongo. Mahindi machache tu yalikuwa yameliwa. Mengine yalikatwa na kuachwa tu, kama kwa kumchokoza mwenye shamba.

"Simbiliki!" alisema Mukasine peke yake.

Simbiliki ni panya mkubwa wa majani, mnene kuliko sungura. Hukaa ndani ya matete kule bondeni. Akipanda mpaka shambani, hukata zaidi ya anachokula.

Mukasine aliketi juu ya tuta akalia. Mtu aliyelima kilima kikali namna ile, na mtoto mgongoni, ana haki ya kulia. Mahindi yale yalikuwa chakula cha nyumba yake. Yakiisha, yeye na mume wake Sebarenzi, mtoto wao Christa, na mama mkwe wake Mukarugwiza hawatakuwa na kitu cha kupika mpaka msimu mwingine.

Kando yake aliketi mbwa. Mbwa huyo aliangalia mahindi, akaangalia matete, akamwangalia Mukasine. Hakubweka.

"Na weye, Bizu," Mukasine alimwambia, "ungesema hata neno moja tu."

Bizu hakuwa mbwa wa Kingi. Alitoka Ntoto, upande wa Walikale, kwenye pori kubwa. Kule ndiko alikozaliwa Mukasine. Kiangazi kilichopita, alipokwenda kumsalimu baba yake, mzee Straton, alimweleza habari ya simbiliki. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mbwa jike, bado kijana.

"Mutoto wangu," alisema, "sina kitu ingine ya kukupa. Hii njo mukono yangu. Itakulindia shamba."

Bizu si mbwa mkubwa. Kimo chake hakizidi goti. Manyoya yake ni mafupi, mekundu kama udongo, na kifua na miguu ni vyeupe. Masikio yamesimama. Mkia umejikunja juu ya mgongo. Akisikiliza kitu, paji lake la uso hujaa mikunjo, utadhani ana mambo mazito ya kufikiria.

Shingoni alivaa kengele ya mti. Mzee Straton aliichonga mwenyewe. Ndani ya kengele mlikuwa na vijiti viwili vya kugonga. Kabla ya safari, mzee alishindilia majani ndani ya kengele, akampandisha binti yake kwenye pikipiki na kikapu chenye Bizu. Hakueleza majani yale ni ya nini. Kwao kila mwanamume anajua, na dereva wa pikipiki alikuwa anapiga honi. Mukasine naye hakuuliza. Kule Ntoto kengele ya mbwa ni kitu cha wanaume. Wasichana huambiwa wasiiguse, eti mbwa atapoteza bahati.

Shida ilianza siku ileile walipofika Kingi.

Mama mkwe wake, Mukarugwiza, ni mtu wa sala. Yeye ni mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa milimani, na ana macho yasiyopitwa na kitu. Alimwangalia mbwa, halafu akaiona kengele.

"Hii kitu yenye iko ku shingo ya imbwa njo nini?"

"Ni kengele, Mama."

"Kengele gani haisikiki? Na hii majani iko ndani, iko ya nini?"

Mukasine alifungua mdomo. Kwa kweli hakujua. Yeye mwenyewe alianza kuogopa: labda ni dawa kweli.

"Unaona?" alisema Mukarugwiza. "Hata weye haujue. Miye niliokoka, mukamwana wangu. Dawa ya pori haitalala mu hii nyumba."

Jioni hiyo alikata kamba, akaitupa kengele motoni, chini ya chungu cha maharagwe. Maharagwe yaliiva vizuri. Shetani hakuonekana kutoka.

Mzee Straton alikuwa na desturi ya kupanda kilima kila Jumapili ili apate mtandao wa simu. Jumapili iliyofuata alipiga.

"Bizu iko namna gani? Munasikiaka kengele yake?"

"Iko muzuri, Papa," alijibu Mukasine. "Iko ku shamba."

Aliona haya kumwambia kwamba kazi ya mikono yake imepikia maharagwe. Basi akadanganya. Jumapili nyingine akadanganya tena. Uongo wa namna hiyo ni mdogo, lakini kila wiki unataka kulishwa.

Sebarenzi, mume wa Mukasine, alijaribu kuwinda na Bizu. Alikwenda bondeni na jirani yake Mbonigaba. Walishika mapanga na wavu. Bizu aliingia ndani ya matete, akapotea. Walingoja. Hawakusikia kubweka, wala kulia, wala kukimbia. Matete ni marefu kuliko mtu, na mbwa ni mdogo. Hawakujua kama yuko kulia au kushoto. Baada ya muda mrefu Bizu alitoka peke yake, ulimi nje, akawaangalia kama mtu aliyeitwa kazini na wenzake wasifike.

"Ilikuwa inalala!" alisema Sebarenzi.

Mbonigaba, ambaye utani haumwishi, alicheka sana.

"Imbwa yenu njo iliokoka kweli. Inaomba kimya-kimya!"

Utani huo ulizunguka Kingi nzima. Watu walipokutana na Sebarenzi njiani waliuliza kama mbwa wake amekwisha kuomba. Mwanamume hapendi kuchekwa kwa ajili ya mbwa, tena mbwa aliyetolewa na baba mkwe. Sebarenzi alianza kukasirika.

"Sikia," Mbonigaba alimshauri siku moja, na safari hii hakuwa anatania. "Pua yake imelala. Twanga pilipili na tumbaku, utie mu mapua. Na usiipe chakula. Imbwa yenye imeshiba haiwindi."

Sebarenzi si mtu mbaya. Lakini mtu mwenye hasira husikiliza shauri la kwanza linalopita. Alimnyima Bizu chakula. Siku ya pili akatwanga pilipili na tumbaku, akamshika Bizu kwa nguvu, akamtia ile dawa puani.

Bizu hakubweka. Alitoa sauti kali, nyembamba, ambayo Mukasine hakuwahi kuisikia. Akageuza kichwa, akauma mkono wa Sebarenzi, akakimbilia chini ya ghala.

"Imeniluma!" Sebarenzi alisema, akifunga mkono kwa kitambaa. "Basi imetosha. Siku ya soko nitaipeleka Sake. Nitaibadilisha na imbwa yenye inabweka."

"Papa Christa," alisema Mukasine, "ile ni mukono ya baba yangu."

"Baba yako alikupa imbwa bubu."

Mukasine aliinama chini ya ghala. Bizu alikuwa anapiga chafya bila kukoma, na matone ya damu yalikuwa yanatoka puani. Mukasine alimwonea huruma mpaka akakosa la kufanya. Alijionea huruma na yeye. Mbwa akienda Sake, atamwambia nini baba yake siku ya Jumapili?

Kesho yake veterineri, daktari wa wanyama, alifika Kingi. Jina lake Viateur. Alikuwa anachanja mbwa kwenye uwanja wa kanisa, ili kuzuia kichaa cha mbwa. Mukasine alimfunga Bizu kamba, akamwambia mume wake mahali anapokwenda, akaenda. Sebarenzi hakumzuia. Mkono ulikuwa unamuuma.

Viateur alipiga magoti mbele ya Bizu. Hakumshika kwa haraka. Alimwachia anuse mkono wake kwanza. Lakini Bizu hakuweza kunusa vizuri. Veterineri akamwinua kidevu, akaangalia puani, akakunja uso.

"Nani alimutia pilipili?"

Mukasine aliangalia chini. "Ni bwana yangu. Batu banasema inaamushaka pua."

"Inaamusha? Mama, bakikutia pilipili mu macho, utaona muzuri?"

"Hapana."

"Basi na yeye vile. Ndani ya pua ya imbwa kuko ngozi laini sana. Ile ngozi njo inasikia harufu. Pilipili na tumbaku vinaiunguza. Ukiendelea, itapoteza harufu kabisa. Halafu mutasema ni mvivu." Alimpapasa Bizu mbavu. "Na chakula?"

"Tuliinyima."

"Imbwa yenye njaa haina nguvu ya kukimbia. Inakulaka mavi na mizoga, inapata minyoo. Ilimuluma muntu?"

Mukasine alisita. Alijua akisema ndiyo, mambo yatakuwa mabaya zaidi kwa Bizu. Lakini alikumbuka uongo wake wa kila Jumapili, na jinsi ulivyomchosha.

"Ndiyo. Ilimuluma bwana yangu ku mukono. Jana."

Viateur alisimama palepale.

"Alienda ku sante, ku kituo ya afya?"

"Hapana. Alifunga kitambaa tu."

"Tuende kwenu. Sasa hivi."

Sebarenzi alikuwa ameketi mlangoni. Mama yake Mukarugwiza alikuwa anachambua maharagwe. Viateur aliwasalimu kwa heshima, akaomba maji na sabuni, akaufungua mkono wa Sebarenzi.

"Papa Christa, hii kidonda tutaiosha na sabuni na maji mengi, robo saa nzima. Halafu utaenda ku sante leo, usingoje kesho. Batakuangalia na batakupa chanjo."

"Kidonda kidogo hivi?"

"Kichaa cha mbwa hakiangalie ukubwa ya kidonda. Kikisha kuingia mu kichwa, hakuna dawa. Hakuna hata moja. Lakini ukiosha mbio na ukichanjwa mbio, unapona. Mi sisemi imbwa yako iko nacho. Iliuma juu uliiunguza pua, na weye ungeuma. Lakini hatubahatishe na uzima wa muntu."

Mukarugwiza aliacha maharagwe. Sebarenzi ni mwanawe wa pekee.

"Basi tuiue hiyo imbwa!" alisema.

"Hapana, Mama. Hiyo njo kosa batu banafanyaka. Imbwa yenye iliuma muntu haiuliwe, haiuzwe. Inafungwa fasi salama, inaangaliwa siku kumi. Ikibaki mzima mpaka siku zile ziishe, basi haikukuwa na kichaa wakati iliuma. Ikibadilika, ikitoa mate, ikishindwa kumeza, muniite palepale, na musiiguse. Mukiiuza leo, nani atajua?"

Hivyo ndivyo Bizu alivyoponea soko la Sake.

Walimwosha Sebarenzi mkono kwa sabuni, maji yakitiririka. Sebarenzi alilalamika tangu mwanzo mpaka mwisho. Kabla hajaondoka kwenda kwenye kituo cha afya, alimgeukia veterineri.

"Sawa, nitaichunga hizo siku. Lakini nikuambie kweli, ni imbwa bure. Haibweki."

Viateur alicheka kidogo.

"Nilitumika Walikale miaka mingi, Papa. Hii aina ya imbwa naijua. Haiko bubu. Njo vile inazaliwa. Inaweza kunguruma, inaweza kulia, hata inaimba kama inafurahi. Lakini kubweka kama imbwa zingine, hapana. Hata batu ba inchi za mbali banaifuga. Banaiita basenji. Baliitosha huku kwetu Kongo, bakaipeleka kwao. Inawinda na pua na macho pamoja, na inaenda kimya, juu nyama isikimbie mbele ya wakati."

"Sasa kama iko kimya, muwindaji anajua namna gani iko wapi?"

"Kengele," alisema Viateur. "Kule Walikale kila imbwa ya kuwinda inavaa kengele ya muti. Kengele ikilia mbio-mbio, imbwa inafukuza nyama. Ikinyamaza pale pale, imeiona, imesimama. Weye unaenda fasi kengele ilinyamaza. Hii yenu ilikuja bila kengele?"

Mukasine alimwangalia mtoto wake Christa. Sebarenzi alimwangalia mama yake. Mukarugwiza aliangalia maharagwe.

"Ilikuwa na kitu," alisema Mukarugwiza mwishoni. "Lakini ilikuwa na dawa ndani. Niliona majani na macho yangu."

"Mama," alisema Viateur, polepole, "yale majani ni ya kuziba mudomo ya kengele. Mu njia, ao mu gari, muwindaji anaiziba isipige kelele. Akifika ku pori, anatosha majani. Basi. Hakuna kitu ingine."

"Nitajua namna gani?"

"Weye ni mutoto wa batu ba ngombe, si ndiyo? Kwa baba yako, ngombe ya mbele haikuvaa kengele?"

"Bihogo? Ilivaa. Mu ukungu ya kule juu, tungeipata namna gani bila kengele?"

Aliposema hivyo alijisikia mwenyewe. Aliinuka, akaingia ndani. Wote walidhani amekasirika.

Basi Bizu alifungwa chini ya ghala, mahali pakavu. Sebarenzi ndiye aliyeamriwa kumchunga, na veterineri alimwonyesha namna. Ampe chakula kila siku, asubuhi na jioni: bugali au viazi, na mchuzi, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Ampe maji safi. Amwekee gunia la kulalia, kwa sababu mbwa huyu ana manyoya mafupi na baridi ya Kingi si joto la Ntoto. Amsogezee vyombo kwa kijiti kirefu, asimguse mdomo, na mtoto asimkaribie mpaka siku ziishe.

Siku za kwanza Sebarenzi alifanya kazi hiyo akinung'unika. Alisukuma sahani akageuza uso. Lakini mtu akimwangalia kiumbe kila siku, ataona kitu hata kama hataki.

Aliona kwamba Bizu hujiramba miguu na kujipangusa uso kama paka. Mbwa wa majirani walinuka. Bizu hakunuka. Aliona kwamba mvua ikinyesha, Bizu hujivuta ndani kabisa, hapendi hata tone moja. Aliona pia kwamba akimkemea kwa sauti kubwa, Bizu humpa mgongo. Akimwita kwa upole, mkia ule uliojikunja hutikisika.

Damu iliacha kutoka puani. Chafya zilipungua. Asubuhi moja Sebarenzi alichelewa kuleta chakula. Alipokuwa anakaribia ghala, alisikia sauti. Haikuwa kubweka. Ilipanda na kushuka, kama mtu anayejaribu wimbo wakati koo halijafunguka.

"Mama Christa!" aliita. "Mama Christa, kuya mbio! Bubu yako inaimba!"

Mukasine alikuja mbio, akacheka mpaka akajifuta machozi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia mume wake akisema habari ya Bizu bila hasira.

Siku zilipotimia, Bizu alikuwa mzima. Sebarenzi naye alikuwa amepata sindano zake kwenye kituo cha afya, na bado moja. Viateur alirudi, akamchanja Bizu, akampa dawa ya minyoo.

"Chanjo ni kila mwaka," alisema. "Kupe muzitoshe. Matumbo mabichi ya nyama musimupe. Muzike, ao mupike kwanza, juu ndani kuko minyoo, na ile minyoo inaweza kupita ku batoto. Kila muntu anawe mikono akimushika. Na fimbo muache. Hii imbwa iko na akili na kiburi. Ukiipiga, haitakusikia tena. Na jambo ingine: iwinde simbiliki ya shamba. Nyama za pori zenye sheria inakataza, hapana."

"Na kuzaa?" aliuliza Mukasine.

"Nyingi za hii aina zinatafuta dume mara moja tu ku mwaka, si mara mbili kama zingine. Usiihesabu kuwa tasa. Ngoja wakati yake, na utafute dume yenye afya."

Kilichobaki kilikuwa kengele. Na hapo Mukasine alikuwa kwenye shida, kwa sababu Jumapili iliyopita baba yake alikuwa amesema hivi:

"Mutoto wangu, Jumapili yenye kuya, usiniambie iko ku shamba. Uilete karibu na telefone. Niko mukubwa sasa. Nataka niisikie kengele yangu."

Mukasine alimweleza mume wake. Sebarenzi aliona haya. Alichukua kopo la nyanya, akatia jiwe, akalifunga shingoni mwa Bizu. Kopo lilipiga kelele ya kuamsha kijiji. Bizu aliketi chini akakataa kutembea. Sebarenzi alijaribu kuchonga mti. Ukapasuka. Akachonga mwingine. Nao ukapasuka. Sebarenzi ni mkulima hodari, lakini mikono yake haikuumbwa kwa kuchonga.

Siku ya Ijumaa Mukarugwiza alitoka chumbani kwake. Mkononi alishika icyansi. Hicho ni chombo cha mti cha kutilia maziwa, na kwa watu wa ng'ombe hakuna chombo kinachoheshimiwa kama hicho. Kilikuwa kidogo, cheusi kwa moshi na miaka. Alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Ng'ombe wao walikuwa wameisha zamani, na chombo chenyewe kilikuwa na ufa. Lakini alikuwa anakipangusa kila wiki.

"Toboa huku chini," alimwambia mwanawe. "Pitisha kamba. Tia vijiti ndani. Ukiigeuza, ni kengele."

Sebarenzi hakunyoosha mkono.

"Mama, hii ni ya maziwa. Itavaliwa na imbwa?"

"Nilikuwa naichunga ya nini? Maziwa haitarudi ndani. Miye njo nilichoma kengele ya bamwana wangu, baba ya muke yako. Niliogopa, na sikuuliza. Imbwa yenye inachunga chakula ya bajukuu yangu, itavaa."

Mukasine alimshika mama mkwe wake mkono. Wakakaa hivyo, wanawake wawili, huku Sebarenzi akitoboa mti ule kwa uangalifu mwingi kuliko alivyowahi kufanya kazi yoyote.

Kengele ilipokwisha, Sebarenzi alimpa mke wake.

"Imbwa ni yako. Uivalishe."

Mukasine alikumbuka maneno ya Ntoto, kwamba mwanamke asiguse. Akaifunga hata hivyo.

Jumamosi asubuhi Sebarenzi na Mukasine walishuka bondeni. Mbonigaba pia alikuja, kwa sababu hakutaka kukosa la kuchekea. Walitandaza wavu kando ya matete. Mukasine alitoa majani aliyokuwa ameizibia kengele njiani, akamwachia Bizu.

Ko, ko, ko. Kengele ilikwenda upande wa kulia. Ko, ko, ko. Ikarudi kushoto, karibu na mto. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanamwona Bizu kwa masikio. Halafu kengele ikakimbia, kokokoko, mpaka ukingoni mwa shamba. Ikanyamaza.

"Imelala tena," alisema Mbonigaba.

"Nyamaza," alisema Sebarenzi. "Imesimama."

Walikwenda kimya mpaka pale kengele iliponyamazia. Wakausogeza wavu. Bizu aliruka, majani yakatikisika, na simbiliki wawili wanene wakatoka wakikimbia moja kwa moja mpaka ndani ya wavu. Mbonigaba alikosa utani. Alibeba mmoja kwa mkia, akasema tu kwamba ni mzito.

Jioni ile nyumba nzima ilikula nyama. Matumbo yalizikwa mbali. Bizu alipewa bugali na mchuzi, na vipande vilivyopikwa. Wiki zilizofuata Sebarenzi alirudi bondeni mara kwa mara. Njia za simbiliki ndani ya matete zikaanza kuota majani. Mahindi yaliyobaki yalikomaa. Hayakuwa mengi kama ya mwaka mwema, lakini ghala halikubaki tupu.

Lakini nimekimbia mbele. Nirudi kwenye Jumapili ile.

Simu ililia baada ya ibada. Mukasine alimleta Bizu, akaweka simu karibu na shingo yake.

"Papa, sikiliza."

Bizu alijikuna. Ko, ko, ko.

Mzee Straton alisikiliza mpaka kengele ikatulia.

"Mutoto wangu," alisema mwishoni, "hiyo haiko sauti ya muti yangu."

Mukasine angesema nini? Kabla hajasema, mama mkwe wake alinyoosha mkono.

"Lete telefone." Akaiweka sikioni, akaketi wima. "Bamwana, ni miye Mukarugwiza. Mutoto wako hana kosa. Kengele yako, niliipikia maharagwe."

Hata Christa aliacha kucheza.

"Yaliiva?" aliuliza mzee.

"Yaliiva."

Kicheko cha mzee kilisikika mpaka nje ya simu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Na hii inalia sasa, ni muti gani?"

"Ni icyansi yangu. Mama yangu alinipa siku ya ndoa."

Mzee Straton hafugi ng'ombe. Lakini ameishi na watu wa ng'ombe, na anajua icyansi ni nini kwao. Safari hii hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini:

"Aksanti, bamwana. Aksanti sana. Basi sikia. Bizu ikizaa, mutoto wake wa kwanza iko wa weye."

Mukarugwiza aliangalia chini ya ghala, ambako Bizu alikuwa amekwisha kujilaza juu ya gunia lake. Akaificha simu kidogo kwa kiganja, lakini wote walimsikia.

"Itakuwa ya kike ao ya kiume?" alimwuliza Mukasine.